Jasho la Mtu Mmoja

Mbu wa Bonde la Lumbanga walimuuma kila mtu isipokuwa Otmari Lihepa. Yeye peke yake alijua kwa nini, na alikuwa amenyamaza mwaka wa pili sasa.

Jioni alitoa kigoda chake akakaa barazani kifua wazi, kama mtu anayeota jua. Mbu walikuja kutoka kwenye majaruba ya mpunga, kundi kwa kundi, wakapita sikioni mwake na kwenda zao. Hawakutua. Mkewe Ludovika alikuwa hatua mbili tu kutoka pale, amejifunika khanga mbili na soksi za shule za mjukuu, na bado alijipiga makofi miguuni mpaka majirani wakadhani anaua kuku.

Watu hawakukosa kuliona hilo. Mmoja alisema Otmari ana damu chungu. Mwingine akasema alinyweshwa mwarobaini tangu utoto. Ndipo wakaanza kuja kumwomba fulana zake kuukuu. Walizitundika mlangoni, wakazikunja juu ya chandarua, na mama mmoja akamshonea mtoto kofia kwa mkono wa shati lake. Otmari alizitoa. Angesema nini? Mtu akija na kichanga mgongoni, macho yamemtoka kwa hofu, anaomba fulana tu, unamnyimaje?

Mwezi wa tatu alikuja shemeji yake Skolastika, mjane wa kaka yake. Veronika, mke wa mwanawe, alikuwa na mimba ya miezi saba.

"Shemeji, nimekuja kuomba na mimi," alisema. "Usinicheke. Chandarua chetu kina tundu, na dukani vimekwisha tangu barabara ikatwe na maji."

"Fulana haizibi tundu, shemeji."

"Najua haizibi. Lakini wewe hawakuumi."

Pale ndipo alipokuwa na nafasi. Mlango ulikuwa wazi, hapakuwa na mtu mwingine, na maneno yenyewe hayakuwa mengi. Angeweza kumwambia kuwa mbu hawaiogopi harufu yake hata kidogo, ila hawaijui tena, ni kama ukuta kwao. Badala yake aliingia ndani, akachagua fulana iliyokuwa haijafuliwa ili imridhishe, akampa. Skolastika alishukuru kwa mikono miwili.

Veronika aliitandaza juu ya lile tundu. Alizikwa wiki ya pili ya mwezi wa nne, yeye na wa tumboni, kaburi moja.

*

Daktari wa wadudu alifika Jumatano asubuhi kwa boti, mafuriko yakiwa bado hayajashuka. Aliitwa Tunsume, mwanamke wa Mbeya, mwembamba, mwenye buti zilizomzidi mguu. Alikuja na sanduku la kioo lenye mbu mia mbili aliowanasa usiku uliopita ng'ambo ya mto, na kinu kipya cha harufu kilichobebwa na watu wanne.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Pole na maji."

"Maji si kitu. Niambie Walalaji wako wanaendeleaje."

Walimkuta Mlalaji wa kwanza nyuma ya kituo ambacho Otmari alikisimamia. Ni nguzo ya bati yenye urefu wa mtu, imevikwa ngozi ya mpira. Bamba la jua linaipasha ngozi hiyo joto mpaka ifikie la mwili wa mtu aliyelala. Ndani mna pipa la molasi na hamira, linachacha, na hewa yake inatoka polepole kwenye tundu la juu, inaingia na kutoka, kama pumzi. Kopo la harufu linatiririsha tone moja kila robo saa. Mbu akifika anakuta joto, pumzi na jasho, anatua ale. Kwenye mpira kumepakwa kuvu, ukungu wa asili tu, hauna sumu kwa kuku wala samaki. Unamshika miguuni, unamwotea mwilini, na siku ya tano amekufa. Walalaji arobaini walilizunguka bonde lote. Miaka sita ya kwanza mbu walikuwa wachache kiasi kwamba watoto walizaliwa na kufika shule bila kujua homa. Ukutani kwa Otmari kulikuwa na cheti chenye muhuri na picha yake akimshika Mlalaji begani kama rafiki.

Tunsume alichunguza mpira, akakwangua kidogo, akatazama kwenye kioo chake cha kukuzia.

"Kuvu ni hai," alisema. "Joto sawa, pumzi sawa. Lakini hapa hawatui. Tazama, hakuna hata mguu mmoja wa mbu." Alinyoosha mgongo. "Baba, weka mkono wako kwenye sanduku langu."

"Wa nini?"

"Nimesikia habari zako mpaka ng'ambo. Nataka kuona kwa macho."

Sanduku lilikuwa na matundu mawili yenye mikono ya kitambaa. Tunsume aliingiza mkono wake upande mmoja, Otmari upande wa pili. Kabla mtu hajahesabu kumi, mkono wa daktari ulikuwa mweusi. Wa Otmari ulikuwa mtupu. Mbu mmoja alitua kwenye kucha, akatembea kidogo kama mtu aliyekosea nyumba, akaruka.

"Una dawa gani wewe?" Tunsume alicheka huku akitoa mkono wake na kuukuna. "Nitakuandika. Wakubwa wakisikia watakuita Dodoma wakukamue."

Otmari naye alicheka. Alijisikia akicheka.

"Lakini hili halisaidii bonde," daktari aliendelea, na sauti ikawa ya kazi. "Nadhani mbu wamelizoea kuvu. Likishazoeleka hakuna la kulifanya. Nina ruhusa ya kumwaga dawa ya bluu. Kesho kipanga kitamwaga upande wa juu, Jumamosi upande wa chini."

Kipanga ni jina waliloipa ndege ndogo isiyo na rubani, aliyokuja nayo daktari. Dawa ya bluu kila mtu aliijua kwa kuisikia. Inaua viluwiluwi vyote vya mbu kwa siku moja. Inaua pia kila kinachopumua ndani ya maji, na kila kinachokunywa umande asubuhi ile.

"Samaki?" Otmari aliuliza.

"Wafunike mabwawa kwa nailoni. Watakaokufa, msimu wa pili watarudi."

"Na nyuki? Na kereng'ende?"

Tunsume alimtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Baba, mmezika watu saba tangu Januari. Kama kuna njia nyingine, niambie leo. Mimi sipendi dawa hii. Nimesomea kuvu miaka minane, unadhani napenda kuliona limeshindwa?"

Kituoni kulikuwa na kengele, na ililia saa sita. Otmari alisema anakwenda kula.

*

Ludovika aliweka ugali mezani, akaweka na mlenda, akakaa kumwangalia asivyokula.

"Umemwambia?"

"Nitamwambia."

"Lini? Mimi nimezeeka nakusubiri na soksi za mjukuu."

Ludovika alijua tangu mwanzo, maana ndiye aliyekuwa anapasua shuka. Sheria ya kazi ilikuwa hivi: kila mwaka, kabla ya masika, msimamizi agawe vitambaa sitini vyeupe kwa watu sitini. Wazee, vijana, wenye mimba, wanaonyonyesha, watoto wachanga. Kila mtu ajifunge kitambaa tumboni siku tatu, akirudishe. Kinu kinaviosha vyote pamoja, kinachuja jasho, kinatengeneza harufu ya kijiji kizima, na harufu hiyo ndiyo inayotiwa kwenye makopo ya Walalaji. Otmari aliishia darasa la tano, lakini mafunzo yale aliyaelewa. Mwalimu alisema wazi: mkitia jasho la mtu mmoja, mtawaua mbu wanaompenda mtu huyo, na wasiompenda ndio watakaobaki kuzaa. Mtakuwa mnafuga mbu wa aina nyingine.

Mwaka wa kwanza alizunguka na mfuko nyumba kwa nyumba. Lumbanga hapakuwa na mtu wa kutoa nguo yenye jasho lake ikalale kwa mwenzake. Kitu kilichokushika mwili, mtu akitaka kukuloga anakichezea hicho. Hata maiti nguo zake hugawiwa ndani ya ukoo tu, zikishafuliwa. Lakini hapakuwa pia na mtu wa kumfukuza Otmari mlangoni na kumtia aibu. Walimkaribisha, wakampa uji. Apolinari, mwenyekiti wa kijiji, ndiye aliyeanza. "Andika jina langu, Otmari," alisema kwa upole, "kitambaa utajua mwenyewe." Neno lile likapita mpaka kitongoji cha mwisho. Majina sitini aliyapata kwa siku mbili. Vitambaa alipata vinne: cha mkewe, cha mama yake mzazi, na viwili vya walevi wa kilabuni.

Basi vilivyobaki akavivaa yeye. Alijizungushia tumboni, kifuani, mapajani, akalala navyo siku tatu, amevimba kama mtumba. Ludovika alicheka mpaka akashika ukuta. "Nimeolewa na maiti," alisema. Mwaka wa pili walipata viwili. Mwaka wa tatu hawakupata hata kimoja, mama yake alikuwa amekufa, na Ludovika naye akasema amechoka kunuka serikalini. Kinu cha zamani kilikuwa hakiulizi jasho ni la nani. Bonde likapona. Cheti kikaja.

"Nikimwambia," Otmari alisema sasa, "ataniuliza ni akina nani wamekufa kwa sababu yangu."

"Ataacha kumwaga dawa."

"Na Skolastika atajua."

Ludovika aliinuka akafunika chungu.

"Skolastika ameiweka khanga ya Veronika kwenye nailoni chini ya mto wake wa kulalia," alisema. "Aliyokufa ameivaa. Hajaifua. Anaifungua mara moja tu kwa siku, anainusa, anaifunga, kwa sababu anaogopa harufu itaisha. Nilikwenda kumjulia hali, nikamkuta. Akaniambia, ile fulana ya shemeji labda niliitandaza vibaya." Alimgeukia. "Vibaya, Otmari. Anajilaumu kwa kuitandaza vibaya."

Alisukuma sahani. Alijiambia kesho asubuhi, kabla kipanga hakijaruka, atakwenda.

*

Kesho yake aliamka mapema, akavaa, akafika mpaka kwenye kinjia chembamba kinachoteremka kituoni. Kutoka pale alimwona Tunsume ameinama juu ya kipanga, anakaza skrubu. Ilikuwa hatua kama mia mbili. Otmari alikaa juu ya gogo afunge kamba ya kiatu. Alifunga ya kulia, akaifungua, akaifunga tena. Kipanga kikaruka.

Alikitazama kikipita juu ya mashamba ya juu, kwenda na kurudi, kimenyooka kama mtu anayepiga mistari. Nyuma yake kiliacha ukungu wa bluu, mwepesi, wenye kupendeza. Haukuwa na harufu yoyote.

Alasiri alikwenda kwa Apolinari. Mwenyekiti alikuwa na mabwawa matatu ya perege, na alikuwa ameyafunika kwa nailoni kama alivyoagizwa, ameyawekea mawe pembeni. Lakini mfereji unaoyajaza unatoka mtoni, na mto hakuna aliyeufunika. Perege walikuwa wanaelea chini ya nailoni, matumbo juu, wameibana kwa ndani. Ungeweza kuona umbo la kila mmoja.

Apolinari alikuwa amepiga magoti anawatoa kwa ungo.

"Hatuli hawa," alisema bila kugeuka. "Daktari amekataza hata kuwapa mbwa. Nachimba shimo."

"Wote?"

"Nenda kaone mizinga kwanza."

Mizinga kumi na minne ilining'inia kwenye miti ukingoni mwa shamba. Chini ya kila mmoja kulikuwa na duara la nyuki, wamejaa kama pumba. Wengine walikuwa bado wanazunguka chali, wanavuma kidogo kidogo. Kereng'ende mmoja alikuwa kwenye bua la mpunga, ameshika kwa nguvu, mabawa wazi. Otmari alimgusa akaanguka. Kereng'ende ndio waliokuwa wakila mbu hewani kabla ya Walalaji, kabla ya dawa, kabla ya mtu kufikiria kazi kama ya Otmari.

Apolinari alikuja akasimama naye.

"Tumevumilia kwa ajili ya watoto," alisema. "Kama ndiyo dawa pekee, tutafanyaje."

Alikuwa anamfariji.

Otmari aliondoka pale bila kuaga. Safari hii hakusimama kwenye gogo. Alimkuta Tunsume anaosha mikono kwenye beseni, akamwambia yote akiwa bado wima, akianzia kwenye uji na kumalizia kwenye fulana. Haikuchukua muda. Miaka tisa ilitoshea kwenye beseni moja la maji.

Daktari hakupaza sauti. Alijifuta mikono kidole kwa kidole.

"Vitambaa mia tano arobaini," alisema. "Vya watu wengine ni vingapi?"

"Sita."

"Kwa hiyo tumewapepeta mbu wa bonde zima kwa jasho la mwanamume mmoja mzee. Waliompenda wamekufa. Waliobaki wanapenda kilicho mbali naye kabisa." Alitundika taulo. "Unajua ni nani aliye mbali nawe kabisa kwa harufu? Mwanamke mwenye mimba. Na kichanga."

"Najua."

"Unajua." Alikaa. "Kuvu lilikuwa zima muda wote. Ningejaza makopo upya, basi. Baba, ungeniambia jana."

Otmari alilichukua beseni, akamwaga maji nje.

"Bado kuna upande wa chini," Tunsume alisema hatimaye. "Ni Jumamosi. Ukiniletea vitambaa sitini vya watu sitini kweli, kinu kipya kitapima kila kimoja, hakidanganywi, nami nitakizuia kipanga. Pungufu ya hapo, nitamwaga. Siwezi kuacha watu waendelee kufa kwa sababu nawahurumia nyuki. Kesho uwaambie. Mimi sitakusemea."

*

Wanakijiji walikusanyika Ijumaa asubuhi kwenye ghala la mpunga, maana nje palinuka samaki. Otmari alipanda kwenye mzani wa magunia ili aonekane, na sindano ya mzani ikaonyesha kilo zake kwa watu wote. Alianza kusema, akaona haanzi vizuri, akafungua daftari la majina.

"Apolinari Matimbwi, kitambaa namba moja," alisoma. "Mwaka wa kwanza mpaka wa tisa."

"Sikutoa kitambaa mimi," alisema Apolinari.

"Najua. Ulisema niandike jina."

Akaendelea kusoma. Kila aliyetajwa aliinama. Jina la kumi na nane lilikuwa la Kaspari, mlevi wa kilabuni, naye akasimama kwa fahari.

"Mimi nilitoa! Changu kilikuwa halali!"

"Chako kilinuka pombe ya komoni," mtu akamjibu, "ndiyo maana mbu walilewa wakatuzidi." Watu walicheka, kisha wakaacha wote kwa pamoja, kama waliokumbuka wako wapi.

Ndipo Otmari akaeleza. Alisema vilivyobaki alivaa yeye. Alisema alionywa, na onyo alilielewa. Alisema fulana zake hazijawahi kumkinga mtu, na yeye alijua hivyo kila alipompa mtu. Kisha akawataja waliokufa, kwa majina, na alipofika kwa Veronika hakumtazama Skolastika, halafu akajilazimisha kumtazama.

Alikuwa amekaa juu ya gunia, mikono mapajani. Aliinuka, akajifunga khanga vizuri, akatoka. Watu walimpisha.

"Tungekupiga," Apolinari alisema. "Lakini jina langu liko humo. Ningeanza kukupiga wewe, ningemalizia kwa nani?" Alivua shati lake pale pale, mbele ya wanawake na watoto, shati lililokuwa limelowa jasho la kuchimba shimo la samaki. Alilitupa juu ya mzani, miguuni pa Otmari. "Kachezee."

Wengine hawakuvua upesi hivyo. Walibishana mpaka adhuhuri. Wako waliosema afadhali dawa ya bluu kuliko nguo ya mtoto kulala kwa Otmari Lihepa, na huwezi kuwalaumu. Mwishoni Tunsume alisema vitambaa vitapokelewa mkononi mwake, vitaingia kinuni mbele ya mwenyewe, na hakuna atakayebaki navyo. Wakajifunga siku hiyo, wakatoka jasho kwa makusudi, wengine wakilima mchana kweupe ili kuharakisha.

Kufikia Jumamosi saa mbili vilikuwa hamsini na tisa. Kinu kilipima kimoja kimoja na kukubali. Wazee walikuwepo, vijana walikuwepo, wanaonyonyesha na vichanga pia. Kilichokosekana ni kitambaa cha mwenye mimba. Baada ya kifo cha Veronika, wenye mimba wote walikuwa wamesafirishwa kwa boti kwenda hospitali ya wilaya, siku mbili kwenda na mbili kurudi.

"Bila huyo harufu haijakamilika," Tunsume alisema. Aliangalia kipanga, kisha saa. "Ndiye wanayemtafuta kuliko wote. Samahani."

Skolastika aliingia wakati huo. Alikuwa na vitu viwili. Cha kwanza ni fulana ya Otmari, imefuliwa, imekunjwa pembe nne. Aliiweka juu ya kinu.

"Nimekurudishia," alisema.

Otmari alipiga magoti.

"Inuka. Sikuja kwa hilo, na hilo siku yake sijui ni lini." Alifungua nailoni kidogo, akaifunga tena. "Alikuwa nayo siku zake tatu za mwisho. Alitoka jasho sana. Inafaa?"

Tunsume alisema inafaa.

"Nilikuwa namuuliza shemeji." Alimtazama Otmari usoni. "Mashine yako ikishaiosha, itarudi na harufu yake?"

Angeweza kusema kidogo itabaki. Lilikuwa neno dogo, la huruma, kama fulana.

"Hairudi, shemeji," alisema. "Itatoka haina kitu."

Skolastika akaifungua nailoni yote, akauzika uso ndani ya ile khanga, akavuta pumzi mara moja, ndefu, akampa Otmari mwenyewe.

Kinu kilizunguka dakika arobaini. Kipanga hakikuruka siku hiyo. Siku ya tatu baada ya makopo kujazwa, ngozi za Walalaji zilikuwa nyeusi kwa mbu. Na jioni, barazani, mbu bado walimpita Otmari.

Gharama ilikuwa hii. Watu saba. Wanane, ukimhesabu wa tumboni, na Skolastika anamhesabu. Mabwawa matatu. Mizinga kumi na minne. Kereng'ende wote wa upande wa juu. Na khanga moja, iliyotoka kinuni imelowa, rangi zake zikiwa zile zile, haina harufu ya mtu yeyote.